Tumbo la Timotheo

Jumanne

Soma 1 Timotheo 1:3 na 5:23. Matendo 19:11, 12. 2 Timotheo 4:20. Timotheo alisumbuliwa na nini, na Paulo alimsaidiaje?

Madarasa mengi yakifika kwenye fungu hili hubishana juu ya kinywaji kilichotajwa, na kengele hulia kabla mtu hajauliza habari za tumbo. Lakini tumbo ndilo jambo lenyewe. Timotheo hakuwa mahututi. Aliugua mara kwa mara, kama wengi wanavyougua. Paulo alijua mahali panapouma, tena alijua kwamba si mara ya kwanza. Inaelekea Timotheo alikuwa amesema, au ameulizwa. Huko Efeso leso zilizogusa mwili wa Paulo ziliwaponya wagonjwa. Timotheo alikuwa katika mji huohuo, naye akatumiwa ushauri. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa.

Mkoa wa Ruvuma una historia yake katika jambo hili. Zamani mwenye homa, kichwa au kuhara alikimbilia duka la dawa baridi. Duka hilo liliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, ingawa nyingine zilipatikana chini ya meza, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Mwaka 2003 Ruvuma ukawa mkoa wa kwanza nchini kujaribu mpango wa maduka ya dawa muhimu. Wauzaji walifundishwa, maduka yakakaguliwa, yakaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti. Baadaye mpango ulienea mikoa mingine. Muuzaji hufundishwa pia kumhoji mgonjwa, na kumwelekeza kituo cha afya pale dalili zinapozidi uwezo wa duka.

Ila muuzaji hawezi kumsaidia mteja aliyeamua kutojibu. Chukua mfano wa shemasi wa Songea ambaye mgongo unamuuma baada ya palizi. Anafika dukani na kusema, "Nipe diklofenaki, vidonge kumi." Anaulizwa, "Mzee, una vidonda vya tumbo? Unatumia dawa ya presha?" Nyuma yake wamesimama washiriki wawili wa kanisa lake. Anajibu, "Wewe nipe tu, mwanangu." Hasemi kwamba tangu mwezi uliopita tumbo humwaka usiku. Diklofenaki, kama ibuprofeni na aspirini, inaweza kuchubua tumbo hata likatoka damu, na inaweza kupandisha presha. Siku ya nne anaona choo cheusi kama lami. Hiyo si kazi ya duka tena. Ni hospitali, usiku huohuo. Swali ambalo lingemwepusha na hayo aliulizwa mapema, tena bure.

Anayetafuta ushauri aseme tatizo lilianza lini, ametumia dawa gani (na mitishamba ihesabiwe), kama ni mjamzito, na kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Mwenye homa apimwe malaria kabla ya kumeza dawa mseto. Mtoto anayeharisha hupewa maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, pamoja na zinki kwa siku 10 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Lakini mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyepata degedege asipitishwe dukani kwanza. Apelekwe hospitali moja kwa moja.

Soma 2 Nyakati 16:7-12. Kwa nini Asa alilaumiwa?

Wako wanaolitumia fungu la 12 peke yake kuwatisha wagonjwa wasiende kwa daktari. Wakianzia fungu la 7 wataona kwamba Asa alikuwa amemtegemea mfalme wa Shamu, akamkasirikia mwonaji na kumtia gerezani, kabla miguu yake haijaugua. Alimwacha Bwana akiwa mzima. Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), na hakuna mahali alipomtaka aache kazi hiyo.

Mshiriki anayeona haya kutaja ugonjwa wake mbele ya foleni ya dukani angesaidiwaje na darasa lenu wiki hii? Jadilini bila kumtaja mtu kwa jina.