Kinga ya Gari, Sheria na Bima: Somo kwa Wenye Magari wa Jinja na Mbale



Barabara kuu itokayo Mombasa huingia Uganda kwa Malaba na Busia, kisha huelekea Iganga na Jinja. Tawi lake la Tirinyi hutufikisha Mbale. Mwizi naye anaijua njia hiyo. Gari lililoibwa Jinja alfajiri laweza kufika mpakani asubuhi hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo, kinga iliyotiwa garini tangu kiwandani ina thamani kubwa kwetu, na kuivuruga kuna gharama ambayo wengi hawaioni mpaka siku ya msiba.

Kinga ya kiwandani

Miongoni mwa kinga hizo ni kufuli ya usukani, king'ora na imobilaiza. Imobilaiza hutumia chipu ndogo iliyofichwa katika kichwa cha ufunguo. Kompyuta ya gari huisoma namba ya siri ya chipu hiyo. Isipoitambua, injini haiwaki hata kama ufunguo umechongwa kwa umbo lile lile. Ulaya ilikilazimisha kifaa hiki kwa magari madogo mapya mwaka 1998. Marekani haikufanya hivyo. Huko, baadhi ya magari ya Kia na Hyundai yasiyokuwa na imobilaiza yaliibwa kwa wingi, hata kufikia mwaka 2023 baadhi ya kampuni kubwa za bima zikakataa kuyaandikia bima mpya katika miji fulani. Ni dhahiri kwamba mwenye kuuza bima huihesabu kinga ya gari anapopima hatari anayoibeba.

Mbele ya sheria

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye teksi wa Mbale amepoteza ufunguo wake. Fundi anamshauri: "Mzee, ufunguo mpya wa chipu ni ghali, niache niikwepe imobilaiza, gari liwake kwa ufunguo wa kawaida." Wanakubaliana, na kufuli ya usukani inang'olewa pia.

Baada ya mwezi anasimamishwa barabarani. Askari anaona swichi iliyofunguliwa, nyaya zilizounganishwa kwa mkono na usukani usiofunga. Hizo ni alama zile zile anazoacha mwizi. Askari ana sababu ya kulinganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizoandikwa katika kadi ya gari. Ikiwa injini ilibadilishwa bila kuarifu mamlaka ya usajili, shaka inaongezeka, na gari laweza kuzuiwa uchunguzi ukiendelea. Mwenye gari si mwizi, lakini atapoteza siku za kazi akithibitisha jambo ambalo kinga yake ingelithibitisha yenyewe. Fundi naye, akimfanyia kazi hiyo mtu asiyeonyesha kadi ya gari, ajue kwamba anaweza kuhojiwa kama msaidizi wa wizi.

Mbele ya bima

Bima ya lazima chini ya sheria ya mwaka 1989 huwafidia watu wengine wanaoumia au kufa kwa ajali. Haimrudishii mtu gari lake lililoibwa. Kadi ya Njano ya COMESA nayo, unapovuka kwenda Kenya, haifidii wizi wa gari lako. Anayetaka kinga dhidi ya wizi hukata bima kubwa.

Bima hiyo husimama juu ya uaminifu kamili, kanuni iliyofafanuliwa na Jaji Mansfield wa Uingereza mwaka 1766: mkata bima huyaeleza yote yanayoigusa hatari. Mikataba mingi pia humtaka alitunze gari kwa uangalifu. Basi aliyejaza fomu kwamba gari lina imobilaiza, ilhali imekwepwa, ameipa kampuni hoja ya kukataa kumlipa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

La kufanya

Ukipoteza ufunguo, toa taarifa kituo cha polisi, kisha peleka gari kwa fundi awezaye kuandikisha chipu mpya na kuifuta iliyopotea. Ukitaka kuongeza king'ora au kifaa cha kufuatilia gari, iarifu kampuni ya bima kwa maandishi kabla ya kazi, na utunze jibu na risiti. Ukinunua gari lililotumika, jaribu kufuli ya usukani, uliza funguo zote, na linganisha namba za gari na kadi kabla ya kulipa. Ukinyimwa fidia bila sababu ya haki, Mamlaka ya Kudhibiti Bima ya Uganda hupokea malalamiko.

Maswali ya kujadili barazani

1. Kwa nini ufunguo uliochongwa vizuri hauwashi gari lenye imobilaiza?
2. Mwenye teksi wa mfano wetu angeokoa nini kama angenunua ufunguo wa chipu?
3. Mafundi wa mtaa wetu wamwombe mteja hati gani kabla ya kugusa kinga ya gari?