MIGUU YETU NI AMANA: FUNZO LA SAMUNGE KATIKA SIKU ZA IDI

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, bila shaka unaikumbuka Machi ya mwaka 2011. Kijiji cha Samunge, huko Loliondo katika Wilaya ya Ngorongoro, kilikuwa gumzo la nchi nzima. Maelfu ya watu walifunga safari kumfuata Mzee Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, ili wanywe kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mizizi ya mti uitwao mugariga, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi na watu walilala humo siku kadhaa. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyosemwa kuwa yanapona kwa kikombe kile. Waislamu nao walikwenda.

Mzee huyo alifariki Julai 2021. Makala hii haikusudii kumsema marehemu, wala kufufua mjadala wa hukumu ya kunywa kikombe kile. Nakusudia kuzungumzia miguu.

Mama yangu mdogo ni mgonjwa wa kisukari. Alikwenda Samunge, akanywa, akarudi miguu imevimba kwa kukaa garini siku tatu. Alisema amepona, na vidonge vyake akavifungia kabatini. Idd el Fitri ya mwaka ule iliangukia mwishoni mwa Agosti. Tangu mwezi ulipoandama alisimama jikoni, mara pilau, mara maandazi, hadi alfajiri. Asubuhi akavaa viatu vipya vya kubana, akaenda kuswali. Kiatu kilimchubua kidole, naye hakusikia maumivu, kwa kuwa kisukari kilikwishamtia ganzi miguuni. Siku ya sita mtoto ndiye aliyesema kuna harufu. Hospitali walimkata vidole viwili.

Jambo lililonisumbua kwa miaka yote hii ni hili: katika siku sita zile, mama yule mswalihina alitawadha si chini ya mara 30. Mara 30 maji yalipita juu ya kidonda kile, na hakuna hata mara moja alipouinamia mguu wake na kuutazama. Wala sisi tuliokuwa naye nyumbani hatukumtazamia.

Ndugu Waislamu, udhu wetu ni ibada, na ndani yake mna hekima nyingi. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) aliwaona Masahaba safarini wakiharakisha udhu na kupangusa tu miguu, akawaonya kwa sauti ya juu juu ya adhabu ya moto kwa visigino visivyooshwa. Na katika hadithi ya Laqit bin Sabira (RA), aliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, ameamrisha kuukamilisha udhu na kupitisha vidole vya mkono baina ya vidole. Anayefuata mafunzo haya barabara ataugusa mguu wake wote, kisigino hadi ukucha, mara tano kwa siku. Mchubuko utajificha wapi hapo?

Basi katika siku hizi za sikukuu, ambapo mama zetu na dada zetu husimama kutwa na wageni wakawa hawakatiki, tuzingatie yafuatayo.

Kwanza, mguu uliochoka unataka kupumzishwa. Lala chali dakika 15 hadi 20, miguu ikiwa juu ya mito, ipite usawa wa moyo. Chezesha vifundo na vidole ili damu irudi juu. Kisha ioshe kwa maji ya uvuguvugu na uikaushe vizuri, hasa baina ya vidole, kwani unyevu ukibaki hapo huleta fangasi. Paka mafuta kwenye visigino ili kuzuia magaga, lakini usiyapake baina ya vidole.

Pili, viatu vya Idi vinunuliwe jioni, kwani wakati huo mguu umeshatanuka. Vivae ndani ya nyumba kwa muda mfupi kabla ya siku yenyewe.

Tatu, mgonjwa wa kisukari asiroweke miguu katika maji ya moto. Mtu mwingine ampimie maji kwa kiwiko. Asitembee peku hata ndani, asikate sugu kwa wembe, na akung'ute viatu kabla ya kuvivaa. Kila usiku atazame nyayo zake, kwa kioo ikibidi, au mwanawe amtazamie. Dada zetu wajihadhari pia na piko, kwani huweza kuunguza ngozi, na mwenye ganzi hatahisi.

Nne, si kila uvimbe ni uchovu. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto, au mjamzito akivimba ghafla huku kichwa kikimuuma, au kidonda cha mwenye kisukari, hata kiwe kidogo kiasi gani, hayo ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri sikukuu iishe.

Na sisi wanaume tunayo sehemu yetu. Bibi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na swala ikifika akatoka kwenda kuswali. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Vipi basi sisi tukae barazani tukisubiri sinia, na mama aliyetulea amesimama jikoni tangu usiku? Mchukulie mwiko, mvutie kiti, mletee beseni la maji.

Mtume (SAW) ametuamrisha kujitibu, na Qur'an (2:195) imetukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Anayetaka kutafuta dawa mbali na atafute katika yaliyo halali, lakini vidonge alivyoandikiwa asiviache mpaka daktari apime na kumwambia.

Mama mdogo yu hai, alhamdulillah. Kila baada ya Isha hukaa mkekani, mjukuu huleta taa, wakautazama mguu pamoja. Kwenda Samunge kulimgharimu nauli na siku kadhaa za njiani. Hili halimgharimu ila kuinama.

Wabillahi tawfiq.