Fizi Zikitoa Damu, Usiuweke Mswaki Kando

Wadogo zangu wa Kwala, leo tuzungumzie ile damu mnayoitema asubuhi pamoja na povu la dawa ya meno. Wengi mkiiona mnapumzisha mswaki siku mbili tatu, eti fizi zipone. Haziponi ng'o! Mnazidi kuzilisha kilichoziumiza.

Kinachoziumiza ni ukoga, ule utando wa vijidudu unaojikusanya pale jino linapoingia kwenye fizi. Ukikaa hapo, fizi inavimba na kulainika, ikiguswa inavuja. Vitabu vitakuambia utafute wekundu, lakini wengi wetu tuna fizi zenye weusi wa kuzaliwa nao, wekundu utauona wapi? Wewe angalia uvimbe, damu, na harufu isiyokwisha.

Mwaka 1965 huko Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake walitangaza jaribio lao: watu 12 wenye fizi nzima waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudi kwenye usafi, baada ya kama wiki moja zikatulia. Kwa hiyo damu ikitoka, piga mswaki taratibu, lakini piga.

Chukua wenye brashi laini, uulaze kidogo uelekee kwenye fizi, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Usiku ndio usiouruka. Mswaki wa mti sina ugomvi nao, mradi uutafune mpaka nyuzi zilainike na ufike na upande wa ulimi, ambako wengi hatufiki. Maji ya chumvi yanatuliza, ila ukoga hayauondoi. Mkaa nao unakwangua jino, uacheni jikoni.

Ukoga ulioachwa unaganda, kama ukoko mweupe ndani ya birika la chai, na hapo mswaki hauuwezi tena. Msiukwangue kwa sindano wala wembe, jamani! Hiyo ni kazi ya daktari wa kinywa na meno. Usipotolewa, ugonjwa unaweza kushuka chini ya fizi ukaanza kula mfupa unaoshika jino. Mara nyingi hauumi, ndiyo maana mtu anashtukia jino zima, halina hata tundu, linacheza. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Daktari anaweza kuuzuia usiendelee kuliwa.

Tangu bandari kavu ya Kwala izinduliwe rasmi tarehe 31 Julai 2025, hapa kwetu kuna madereva wanaolala kwenye kabini na vijana wa zamu za usiku. Kaka zangu, mswaki unaenea kwenye mfuko wa shati. Na mvuta sigara asijisifu kwamba fizi zake hazitoi damu: tumbaku inabana mishipa midogo ya damu, ugonjwa unaendelea kimyakimya.

Mwenye kisukari ana mzigo mara mbili. Sukari isiyodhibitiwa inaharibu fizi, na fizi mbovu zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Mama mjamzito naye fizi humvimba kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Asiache mswaki, na asiambiwe angoje ajifungue ndipo atibiwe. Meno husafishwa hata kwa mjamzito, cha muhimu aseme kwamba ana mimba.

Umesafisha vizuri wiki mbili na damu bado ipo? Au kuna usaha, au jino linalegea? Anzia zahanati uulizie huduma ya meno iliyo karibu. La sivyo ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi. Ukifika usiseme tu "nataka kung'oa". Omba kwanza fizi zipimwe na meno yasafishwe, na utaje sukari, mimba, sigara na dawa zote unazotumia.