Macho yaliyopita kwenye lazeri: namna ya kuishi nayo

Ndugu mutumishi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Zamani mutu asiyeona mbali alipewa miwani, na maneno yakaisha. Leo kuna wenzetu wanaosafiri mupaka Afrika ya Kusini ao India, na wanarudi bila miwani. Wanasema: «Wamenipasua na lazeri.» Jirani anashangaa, naye anaanza kuweka feza kidogo kidogo. Hakuna ubaya. Lakini sisi wa dispensere tunakutana na watu hao nyuma ya miezi, wakati furaha imepunguka na maswali yameanza. Kwa hiyo somo letu la leo si juu ya kupasuliwa. Ni juu ya kuishi na macho yaliyokwisha kupasuliwa.

Kwanza tujue ni kitu gani kimefanywa. Mbele ya jicho kuna kioo kisafi kinachopitisha mwanga, kinaitwa konea. Katikati, unene wake ni nusu ya milimetre tu, ao zaidi kidogo. Lazeri inapunguza kioo hicho kama seremala anavyopiga randa, kusudi mwanga uanguke mahali panapofaa nyuma ya jicho. Tazama karatasi yako ya zamani ya miwani: kwa kila diopteri moja iliyoandikwa pale, lazeri inaondoa karibu sehemu 12 mupaka 15 za elfu za milimetre moja. Mutu wa diopteri nne amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya unene wa konea yake. Kilichoondolewa hakirudi.

Namna za kufanya ni mbili zinazojulikana zaidi. Kwa namna inayoitwa LASIK, munganga anakata kifuniko chembamba juu ya konea, anakifunua kama kurasa ya kitabu, anapitisha lazeri chini yake, kisha anakirudisha. Hakuna uzi. Kesho yake mugonjwa anaona vizuri. Kwa ile ya pili, PRK, hakuna kifuniko: wanapangusa ngozi ya juu, lazeri inapita, na ngozi inaota tena ndani ya siku tatu mupaka tano. Inauma zaidi, na macho yanachelewa kuona sawasawa. Lazima ujue wewe ulifanyiwa gani, maana kwa kazi yetu tofauti ni kubwa. Kingo za kifuniko cha LASIK zinapona, lakini chini yake hakishikamani tena kwa nguvu ile ya zamani. Pigo la tawi, la kamba, la kidole cha mutoto anayecheza, linaweza kukisogeza hata kama miaka imepita.

UKAVU, NA CHEMBE AMBAYO HAUISIKII

Konea imejaa mishipa midogo ya kusikia. Ndiyo sababu chembe moja ya muchanga ndani ya jicho inakusumbua kuliko jiwe ndani ya kiatu. Kupasuliwa kunakata mishipa hiyo. Inaota tena polepole: miezi sita, mwaka, kwa wengine zaidi. Wakati huo jicho halijui tena kwamba linakauka, kwa hiyo halitoi machozi ya kutosha, na mutu anasahau kupepesa. Anasikia moto, uzito, muchanga. Pengine machozi yanatiririka, naye anakasirika tukimwambia kwamba jicho lake ni kavu! Machozi hayo ni maji ya kuwashwa tu. Hayana mafuta ya kukaa juu ya jicho na kulilinda.

Huo ndio usumbufu wenyewe, na watu wengi wanausema. Kuna jambo lingine wasilolisema kwa sababu hawalijui, nalo ndilo linanitia woga kwa mutu wa mine ao wa atelye. Kwa kuwa mishipa imekatwa, mutu huyu anasikia muchanga usiokuwako, na chembe iliyoko kweli haisikii. Chembe ya chuma kutoka kwenye mashine ya kunoa inaweza kulala juu ya konea yake siku nzima. Chuma kinapata kutu ndani ya jicho kama kinavyopata kutu inje, na kutu ile inaacha duara. Kwa hiyo, katika mwaka wa kwanza, ukimaliza kazi yenye vumbi ao chembe, omba mwenzako ao bibi yako akutazame macho kwa tochi. Akiona kitu, asikitoe kwa kijiti cha kiberiti wala kwa pembe ya kitambaa. Njoo dispensere siku ileile.

Tena fikiri hivi. Miwani yako ya zamani, hata kama haikuwa miwani ya usalama, ilizuia vumbi kidogo. Sasa umeivua, na uso uko wazi. Nimesikia mutu akisema: «Macho yangu yametengenezwa, miwani ya kazi ya nini?» Ndugu, lazeri imetengeneza kuona. Haikutengeneza ukuta. Yule aliyepasuliwa ndiye anahitaji miwani ya usalama kuliko wengine wote, ile inayofunga pembeni. Anayechoma vyuma asiinue kinga yake hata kwa mara moja, zaidi sana kama ni PRK: mwanga mukali unaweza kuleta ukungu mweupe ndani ya konea inayopona. Kwa sababu hiyohiyo, miezi ya kwanza avae miwani ya jua anapotembea inje.

Hapa kwetu Katanga ukavu unazidi wakati wa kipwa, toka mwezi wa tano mupaka wa tisa, upepo wa baridi unapoinua vumbi nyekundu. Ndani ya kabine, geuza mashine ya baridi isipulize usoni. Pepesa macho kwa kusudi. Dawa yake ni matone ya machozi ya kutengenezwa, na kama unatia zaidi ya mara nne kwa siku, omba yale yasiyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Kitambaa cha maji ya moto kiasi juu ya kope, dakika tano ao kumi, kinasaidia mafuta ya kope kutoka. Lakini usianze mbele munganga hajakubali, na usikandamize. Jua pia kwamba vidonge vingi vya mafua na vya kujikuna vinakausha macho.

Jambo moja wengi wanachanganya. Jicho likipigwa, usilioshe, usilisugue. Lifunike kwa kitu kigumu chenye tumbo, kama sehemu ya chini ya kikombe cha plastiki, kisiguse jicho, na uje mbio. Lakini asidi ao chokaa ikiruka ndani, osha palepale kwa maji mengi, nusu saa bila kuacha, hata kama ulipasuliwa juma lililopita. Usiseme «nitaharibu kifuniko». Asidi haingojei, na chokaa inakula jicho kwa ndani zaidi kuliko asidi.

TAA ZA USIKU

Nilimupokea siku moja shofere wa kamio kubwa. Alikuja na bibi yake, na bibi ndiye alisema. Mume alikuwa amepasuliwa macho mawili inje ya inchi, miezi minne mbele. Kwa kapita wake hakusema neno. Mimi nikamupima kwenye ubao wa herufi: 10/10 jicho la kuume, 10/10 la kushoto. Kwa karatasi, mutu muzima. Bibi akasema: «Munganga, usiku anashika ukuta akienda inje. Anakataa kutembeza motokari kisha jua kuanguka. Lakini kazini anapeleka kamio usiku kucha.»

Nikazima taa ya chumba, nikawasha tochi ndogo pembeni. Nikamwambia achore kwenye karatasi kitu anachoona. Alichora duara kubwa lenye miale, na kando yake kivuli cha tochi ya pili. Hapo akaanza kulia.

Sababu yake ni hii. Ubao wa herufi tunausoma mahali penye mwanga, na penye mwanga mboni ni ndogo. Gizani mboni inafunguka, pengine kupita ukubwa wa pahali lazeri iliposawazisha. Mwanga unaopita pembeni unavunjika: taa inakuwa na duara, na miale, na kivuli. Ukavu unazidisha hayo. Mbele ya shofere huyu kila taa ya kamio inayokuja ilikuwa kama moto wa majani, na mutu anayetembea kando ya taa ile hakumuona kabisa.

Mbona alificha? Aliogopa kupoteza primu ya usiku. Na aliogopa kuchekwa, kwa kuwa alikuwa amelipa feza nyingi na kusifu macho yake mbele ya watu wote. Tuliandika barua, akawekwa kazi ya muchana, akapata matone na akapelekwa kwa munganga wa macho. Kwa watu wengi duara hizi zinapunguka ndani ya miezi sita ya kwanza. Kwake zilipunguka, lakini hazikuisha, na mupaka leo anatumika muchana. Primu ilipotea, ndiyo. Mimi naona aliuza vizuri.

Kwa ninyi wa nyumbani: mutu akisema anateswa na macho ambayo munganga amesema ni mazuri, musimwambie anajifanya. 10/10 inapima kusoma herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, basi. Kuna wachache ambao mishipa yao inaota vibaya na maumivu yanabaki, hata jicho likionekana safi. Mutu wa namna hiyo asiachwe peke yake na mawazo, muje naye.

TANSIO YA JICHO INAYODANGANYA

Hili ni neno ambalo hata wafanyakazi wa lopitalo wanaweza kulisahau, kwa hiyo ulishike wewe mwenyewe. Kuna ugonjwa unaoitwa glokoma. Unaua mushipa wa jicho polepole, mara nyingi pamoja na tansio kubwa ndani ya jicho, bila maumivu, na kuona kulikopotea hakurudi. Sisi watu weusi unatushika zaidi, mapema zaidi, na kwa ukali zaidi. Na kama baba, mama ao ndugu wa tumbo moja anao, hatari yako inazidi.

Tunapima tansio kwa kusukuma konea kidogo, kama mutu anavyobonyeza mupira kujua kama umejaa. Konea iliyopunguzwa na lazeri ni laini. Mashine inasoma namba ndogo kuliko ile ya kweli. Tunasema: «Tansio ni nzuri, rudi nyumbani», na kumbe jicho linakufa. Kwa hiyo, kila mahali unapopimwa macho, hata nyuma ya miaka ishirini, sema kwanza: «Nilipasuliwa na lazeri.» Hapo munganga hataamini namba peke yake, atatazama mushipa wenyewe nyuma ya jicho, na atapima upana wa kuona kwako.

Na hapa ninakugombeza kidogo. Kisha kupasuliwa wanakupa matone yenye kortizoni, kwa siku ao majuma yaliyoandikwa. Matone hayo yanatuliza kweli, ndiyo sababu watu wanaendelea kuyanunua sokoni, na kumupa jirani mwenye macho mekundu. Kortizoni isiyopimwa inapandisha tansio ya jicho na inaleta katarakti. Chupa ikiisha, imeisha. Maziwa ya mama, mukojo, maji ya majani: hakuna hata kimoja kinachoingia ndani ya jicho lililopasuliwa, wala lile lisilopasuliwa.

Usisugue macho. Konea iliyopunguzwa inaweza kulegea na kuvimba mbele kama koni, pengine nyuma ya miaka mingi. Alama yake ni kwamba kuona kunaharibika tena, mara nyingi jicho moja kupita lingine, na miwani mupya haisaidii sana. Siku hizi kuna dawa ya kukaza konea, vitamini B2 pamoja na mwanga maalumu. Inazuia ugonjwa usiendelee, haiurudishi nyuma. Kwa hiyo ukichelewa, umepoteza.

Kisha miaka arobaini na kidogo utaomba miwani ya kusoma kama watu wote. Hawakukudanganya: ni lenzi ya ndani inazeeka, na lazeri haikuigusa.

Wengi wananiuliza kama ninawashauri kwenda. Wengi waliopasuliwa wanafurahi, nami siwezi kusema uongo. Lakini kama unatumika penye vumbi na mapigo, na munganga anasema macho yako yanafaa kwa namna zote mbili, mwambie kazi yako wazi, na umuulize juu ya ile isiyo na kifuniko. (Mimi mwenyewe navaa miwani, na sijakata shauri.) Kama konea yako ni nyembamba tangu kuzaliwa wakakukatalia, usitafute mwingine atakayekubali.

Kwa ninyi muliokwisha kupasuliwa: leteni karatasi za lopitalo iliyowafanyia kazi, hata kama zimeandikwa kiingereza. Tunatafuta namba tatu: diopteri za zamani, unene wa konea mbele ya kupasuliwa, na unene uliobaki. Tutaziandika kwenye fishi yako. Siku utakapopata katarakti, munganga atazihitaji kwa kuchagua lenzi ya kuweka ndani ya jicho, maana bila hizo anaweza kukosea hesabu. Kama karatasi imepotea, waandikie wakutumie nyingine sasa hivi, mbele miaka haijapita mingi.