Uwanja wa nyumba yako unamlisha nani?

Ukipita leo Bunju, Tegeta, Mbagala au Chamazi utaona nyumba nzuri za Waislamu zinainuka kila siku, Alhamdulillah. Lakini ukichungulia getini, nyingi zinafanana: uwanja wote umefunikwa kwa pevingi, na ukutani imesimama safu ya miti ya aina moja. Macho yanaridhika, ila nyuki, vipepeo na ndege wanapata kidogo sana hapo.

Ndugu Muislamu, uzuri haukukatazwa. Katika Surat An-Naml, aya ya 60, Allah (SW) ametaja mabustani yenye kupendeza kuwa ni miongoni mwa dalili za uwezo Wake. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, kwake ni sadaka. Zingatia kuwa ndege na mnyama wametajwa pamoja na mtu.

Basi tupandeje? Panga bustani kwa ngazi tatu. Juu, uwe na mti mmoja wa kivuli na matunda, kama mpera au mstafeli. Katikati, weka vichaka: mkomamanga, mndimu na asumini. Chini, panda rihani na mshubiri, ambao huvumilia jua na ukame.

Kila ngazi ina wageni wake. Nyuki hufuata maua ya rihani. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, hufyonza maua ya mshubiri. Yupo pia kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano ambaye hutaga mayai kwenye majani ya mndimu. Kwa hiyo ukiona viwavi wachache, usikimbilie dawa. Hao ndio vipepeo wa kesho.

Haya si mageni kwetu. Wazee wa mwambao walipanda asumini, rihani na mlangilangi karibu na nyumba, na harufu yake ikawa sehemu ya maisha yao. Hata ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani, asili yake ni huku kwetu Tanga na Usambara. Mjerumani mmoja alilipeleka kwao mnamo mwaka 1892. Wenzetu wanathamini mimea yetu, sisi tunaizika chini ya saruji!

Wapo wanaosema bustani huleta mbu na nyoka. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Homa ya dengi iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 huenezwa na mbu wanaozaliana kwenye makopo, matairi na visahani vya chini ya vyungu vya maua. Mwaga maji hayo. Nyoka naye hufuata panya, na panya hufuata takataka. Fagia, punguza matawi, na hofu itapungua.

Acha walau robo ya uwanja iwe udongo, ili mvua ya masika inywee hapo badala ya kumfuata jirani aliye bondeni. Maji ya udhu yaelekezwe kwenye miche. Na kamati za misikiti na madrasa zianze, waumini watafuata.

Wabillahi tawfiq.