Mswada Mpaka Kuwa Sheria

Wanachama wengi, wakisikia kuwa sheria mpya ya karafuu imepita, huja kutuuliza: "Mbona sisi hatukuulizwa?" Swali hili ni la haki, lakini aghalabu huja wakati umeshapita. Basi tumeonelea tueleze njia ya sheria tangu mwanzo wake, ili kila mmoja wetu aujue mlango ulio wazi kwa mkulima, na wakati wa kuubisha.

Kwanza ieleweke kuwa kilimo si jambo la Muungano. Kwa hivyo sheria ya karafuu haitungwi Dodoma; hutungwa hapa hapa Zanzibar. Katiba yetu ya 1984 yasema kuwa mamlaka ya kutunga sheria yana pande mbili: Rais upande mmoja, na Baraza la Wawakilishi upande wa pili. Barazani mna wajumbe waliochaguliwa majimboni (katika uchaguzi wa 2020 majimbo yalikuwa 50), wanawake wa viti maalumu, wajumbe wanaoteuliwa na Rais, na Mwanasheria Mkuu. Spika ndiye mwenye kuongoza mazungumzo. Baraza hili lilianza 1980. Kabla yake, tangu Mapinduzi ya 1964, kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi.

Sheria kabla haijapita huitwa mswada. Miswada mingi huletwa na Serikali kwa mkono wa Waziri, ingawa mjumbe naye aweza kuleta wa kwake. Mswada huchapishwa katika Gazeti Rasmi, kisha husomwa Barazani mara ya kwanza. Kusomwa huku kusikudanganyeni: husomwa jina lake tu, wala hapana mjadala. Halafu hupelekwa katika kamati ya wajumbe wachache, na hapo, ndugu wanachama, ndipo penye kazi.

Kamati hukaa na mswada kama sisi tunavyokaa na karafuu mbichi jamvini, tukitenga makonyo. Huupitia kifungu kwa kifungu, humwita Waziri na wataalamu wake wajieleze, na huweza kuwasikiliza watu ambao sheria itawagusa. Neno moja likibadilishwa hapa halina gharama. Likiachwa, laweza kumfikisha mtu mahakamani.

Baadaye mswada husomwa mara ya pili. Waziri hutoa hoja, Kamati hutoa maoni yake, na wajumbe hujadili kama jambo lenyewe lafaa au halifai. Wakikubali, Baraza zima hujigeuza kamati na kuvipitia vifungu kimoja kimoja. Hapo mjumbe aweza bado kuleta marekebisho. Kisha husomwa mara ya tatu, hupitishwa, na hupelekwa kwa Rais. Pasipo kibali cha Rais hauwi sheria.

Pengine mtu atasema: kelele zote hizi za nini, ikiwa Serikali yataka jambo litapita tu? Tutamjibu kwa kisa chetu wenyewe. Baraza la kutunga sheria la zamani, lililoanza 1926 chini ya Waingereza, lilikuwa na maofisa wa Serikali wengi kuliko wajumbe wengine. Wasiokuwa maofisa walikuwa sita: Waarabu watatu, Wahindi wawili na Mzungu mmoja. Mwafrika hakuwamo mpaka miaka ya 1940, na huku wachumaji na wakulima wadogo wengi walikuwa Waafrika. Mwaka 1937 ilipitishwa sheria ya kukipa chama cha wakulima wa karafuu cha wakati ule, kilichoundwa 1927, mamlaka juu ya kupeleka karafuu nchi za nje. Wajumbe wa Kihindi walipinga, lakini kura zao zilikuwa chache. Sheria ikapita bila ya taabu. Taabu ikaja baadaye: wafanyabiashara wa Kihindi walisusia karafuu, na wenzao wa Bara Hindi, soko letu kubwa, wakasusia pia. Mwaka 1938 Serikali ilibidi ikae nao na kupatana upya. Na sheria ile ilitungwa kwa jina la mkulima! Lau waliopinga wangalisikilizwa mswada ulipokuwa bado mswada, huenda mapatano yale yangalipatikana mwaka mmoja mbele.

Basi ukisikia kuna mswada unaotuhusu, usingoje redio itangaze kuwa umepita. Mwombe mwakilishi wa jimbo lako nakala. Ukiipata, anza na kifungu cha tafsiri, kinachoeleza kila neno lina maana gani: nani huitwa "mkulima", na je, aliyekodi shamba kwa msimu mmoja naye yumo? Kisha tazama vifungu vya adhabu. Halafu, na hili wengi hulisahau, tazama karibu na mwisho, ambako Waziri hupewa uwezo wa kutunga kanuni. Mambo mengi ya kila siku, kama vibali na fomu, huwekwa katika kanuni, wala hayasomwi mara tatu.

Maoni yako yaandike kwa namba ya kifungu. "Sheria hii mbaya" haimsaidii mjumbe yeyote. Lakini "kifungu fulani, badala ya neno hili liwekwe hili, kwa sababu hii" aweza kusimama nalo Barazani. Asiyeweza kuandika amwambie katibu wa tawi lake, naye ataandika na kumsomea kabla ya kupeleka.