Sponji Inayobeba Ujumbe wa Mfupa

Mfupa uliovunjika huunga wenyewe. Ujumbe wa nini tena?

Mingi huunga, kweli. Pengo likiwa kubwa, ndipo mpasuaji anapolazimika kukata kipande cha mfupa wa nyonga ya mgonjwa na kukipandikiza. Tiba hiyo inaaminika, lakini humwachia mtu kidonda cha pili, na nyonga inaweza kumuuma kwa miezi.

Mwaka 1965, Marshall Urist, daktari wa mifupa wa California, alifungua njia nyingine. Aliondoa madini kwenye vipande vya mfupa kwa kutumia asidi, akavipachika ndani ya misuli ya wanyama. Mfupa mpya ukaota humo humo, katikati ya nyama! Protini zinazotoa amri hiyo zinaitwa BMP.

Kwa nini BMP isidungwe kwa sindano tu?

Kwa sababu haikai. Ikiwa ndani ya maji matupu, damu huisomba na vimeng'enya huivunja upesi, ilhali seli zinahitaji siku nyingi kukusanyika na kuanza kujenga. Lazima ipate kibebeo.

Kinachojulikana zaidi ni sponji ya kolajeni inayotokana na kano za ng'ombe. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha sponji hiyo, ikiwa imeloweshwa BMP-2, mojawapo ya protini hizo, kwa kuunganisha pingili za kiunoni. Mwaka 2004 ikaruhusiwa kwa mfupa wa muundi uliovunjika na kuchana ngozi.

Ikiwa iliidhinishwa, tatizo lilibaki wapi?

Kwenye sponji, zaidi ya protini. Huachia mzigo wake mwingi siku za mwanzo, kwa hiyo dozi ilipandishwa hadi miligramu kadhaa, wakati gramu moja ya mfupa wa kawaida ina kiasi kinachopimwa kwa nanogramu. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo: baadhi ya wagonjwa waliowekewa shingoni, matumizi yasiyoidhinishwa, walivimba hadi njia ya hewa ikabanwa. Wengine waliota mfupa pasipotakiwa.

Watafiti wanajaribu nini sasa?

Vibebeo vinavyoshika. Seramiki ya fosfati ya kalsiamu, yenye madini yanayofanana na ya mfupa, huinasa protini na kuhimili mgandamizo kuliko sponji. Heparini ikiunganishwa kwenye jeli huishikilia BMP kwa chaji za umeme na kuiachia kidogo kidogo. Lakini jeli ikichelewa kuyeyuka, hukalia nafasi ambayo mfupa mpya ulipaswa kuijaza.